Taifodi Mara Tano Ndani ya Miaka Miwili: Kipimo cha Widal Kinasema Nini Hasa?

*"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 36, ni mama lishe hapa Morogoro. Tangu mwaka juzi nimekutwa na taifodi mara tano. Inaanza hivihivi: mwili unachoka, viungo vinauma, kichwa, tumbo linajaa gesi, jioni nahisi homa. Nikienda zahanati natolewa damu, naambiwa malaria hakuna ila taifodi ipo. Nimekunywa sipro mara tatu, nimechomwa sindano za siku tano mara mbili. Napata nafuu wiki mbili tatu, inarudi. Mara ya kwanza karatasi iliandikwa 1:80, safari hii imeandikwa O 1:160, H 1:160, nikaambiwa imepanda. Jirani yangu anasema taifodi ikishaingia kwenye damu haitoki. Ni kweli? Nifanye nini nipone kabisa? Na je, naweza kuwaambukiza wateja wangu, au nifunge biashara?"*

Marahaba, dada yangu, na pole sana. Miaka miwili ya kuugua na kununua dawa si jambo dogo, hasa kwa mtu ambaye siku asipowasha jiko hakuna kinachoingia. Nimesoma barua yako mara mbili. Nakujibu kwa urefu kwa sababu swali lako ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na wanaoniuliza karibu wote wameshika karatasi kama hiyo yako.

Kwa maelezo uliyonipa, sidhani kwamba umeugua taifodi mara tano. Inawezekana kabisa hujawahi kuugua hata mara moja. Sisemi kwamba huumwi. Unaumwa, ila nahofia kwamba kinachokuumiza hakijatafutwa bado, kwa sababu kila ukifika dirishani ile karatasi inafunga mjadala.

Tuanze na karatasi yenyewe. Kipimo ulichofanyiwa kinaitwa Widal, jina la daktari Mfaransa Fernand Widal aliyekieleza mjini Paris mwaka 1896. Kimetimiza zaidi ya miaka 120. Watu wengi wanaamini kwamba mtaalamu wa maabara anawaona wadudu wa taifodi kwenye damu, kama anavyowaona wa malaria kwenye hadubini. Sivyo. Widal haimtafuti mdudu. Inatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kukutana na mdudu. Na askari, vita vikiisha, hawarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Wengine hubaki wakizunguka kwenye damu miezi mingi, hata miaka.

Nikiwa mwanafunzi niliwahi kusimama pembeni ya meza ya maabara nikitazama kinavyofanyika. Chukua kile kigae cheupe. Fundi anaweka tone la majimaji ya damu ya mgonjwa, kisha anaongeza tone la dawa yenye bakteria waliouawa na kutiwa rangi. Zile herufi za kwenye karatasi yako ni sehemu za bakteria: O ni ya ganda lake, H ni ya mikia yake ya kuogelea. Kwenye vifaa vingi O ni ya buluu na H ni nyekundu. Anakoroga kwa kijiti, anakiyumbayumbisha kigae kwa dakika moja, halafu anainama kutazama. Kama matone yamebaki laini, jibu ni hasi. Kama yamejikusanya chembechembe, mfano wa maziwa yaliyoanza kuganda, ni chanya. Sasa fikiria foleni ni ndefu, fundi ameitwa pembeni, dakika moja imekuwa tatu. Tone linakauka kingoni na kuanza kuonekana kama lina chembe. Macho mawili tofauti yanaweza kusoma kigae kimoja yakatoa majibu mawili tofauti, na wote wawili wakawa wakweli.

Hizo namba nazo, 1:80 na 1:160, si idadi ya wadudu. Chukua kikombe cha chai ya rangi iliyokolea, uongeze maji kidogo kidogo, kila mara ukionja. Inafika mahali ladha ya majani inapotea. Fundi hufanya hivyo hivyo na damu yako: anaizimua mara 20, mara 40, mara 80, mara 160, akiangalia ni wapi chembe zinakoma kuonekana. 1:160 maana yake damu iliyozimuliwa mara 160 bado inagandisha. Basi. Kutoka 1:80 hadi 1:160 ni hatua moja tu ya kuzimua, na hatua moja iko ndani ya makosa ya kawaida ya kipimo. Ukipima leo asubuhi na leo mchana unaweza kupata zote mbili. Kwa hiyo aliyekuambia taifodi "imepanda" alikutia hofu bure, ingawa naamini hakukusudia.

Jirani yako hajakosea kabisa katika alichokiona. Amewaona watu wakipimwa kila mwaka na kila mwaka ikitoka "taifodi ipo". Akahitimisha kwamba ugonjwa hautoki. Kisichotoka ni alama ya kingamwili. Na alama hiyo haihitaji taifodi ili iwepo. Bakteria wa taifodi ana ndugu wengi katika ukoo wa Salmonela, wale wa kuharisha kwa mayai au nyama isiyoiva vizuri, na baadhi yao wamevaa koti linalofanana na lake. Ukishapambana na ndugu huyo, kingamwili zako zitamgandisha hata huyu. Malaria yenyewe inaweza kuufanya mwili umwage kingamwili ovyo mpaka Widal ikasoma chanya. Kwetu, ambako maji na vyakula vina historia ndefu, watu wengi wazima wenye afya njema, wakipimwa leo Widal, wataambiwa wana taifodi.

Tufanye hesabu kidogo, ya kubuni ila yenye ukweli ndani yake. Tuseme watu 1,000 wenye homa wamekuja zahanati, na wenye taifodi ya kweli ni 10. Kipimo kinawakamata 7 kati yao. Lakini kinawasingizia 10 kati ya kila 100 wasio nayo, yaani watu 99. Waliopewa karatasi ya "taifodi ipo" ni 106, na wenye taifodi ni 7. Wengine wote, 99, wanaondoka na sipro, antibayotiki wasiyoihitaji.

Hili limeangaliwa kwa watu halisi pia. Muheza, mkoani Tanga, watafiti waliwapima Widal watoto waliolazwa na homa, kisha wakaiotesha damu yao kuona kama kweli bakteria yumo. Kati ya waliosoma chanya, kama robo tu ndio waliokuwa na bakteria wa taifodi. Nao walitumia njia ya mirija maabara, iliyo makini kuliko kigae. Hata hivyo waliosoma hasi karibu wote kweli hawakuwa nayo, kwa hiyo jibu lenye manufaa zaidi kwenye Widal ni "hapana". Na utafiti mwingine wa mwaka 2008, Dar es Salaam na Ifakara, uliwachukua watoto 1,005 waliokuja na homa na kuwapima kwa kila njia iliyokuwepo. Wenye taifodi hawakufika 4 kati ya 100. Zaidi ya nusu walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, mengi ya virusi.

Utaniuliza: mbona napata nafuu nikitumia dawa? Swali zuri, na ndilo linalowafunga wengi. Kwanza, homa nyingi za virusi huisha zenyewe ndani ya siku tatu hadi saba, siku zile zile ulizokuwa ukimeza sipro. Pili, nina hakika hukupewa sipro peke yake, ulipewa na panadol. Tatu, mtu huenda zahanati siku amezidiwa kabisa, na baada ya siku mbaya kuliko zote zinazofuata huwa nafuu hata asipofanya lolote. Taifodi ya kweli haina haraka hivyo. Hata kwa dawa sahihi, homa yake huchukua siku tatu hadi tano kushuka. Mgonjwa anayeniambia "nilichomwa sindano moja tu jioni nikaamka mzima" ananionyesha kwamba haikuwa taifodi.

Nieleze basi ya kweli ikoje, maana nisingependa utoke hapa ukidhani ni ugonjwa wa kupuuza. Bakteria huingia kwa mdomo, kwenye maji au chakula kilichogusana na kinyesi cha binadamu. Hana mnyama wa kujificha, ni wa watu tu. Akipita tumboni hupenya ukuta wa utumbo mwembamba, na hapo hufanya jambo la ajabu: anamezwa na seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kuua vijidudu, naye hafi. Anazigeuza kuwa usafiri. Anapelekwa kwenye ini, bandama na uboho wa mifupa, anazaliana kimya kimya wiki moja au mbili bila wewe kuhisi kitu, kisha anamwagika kwenye damu. Homa inaanza kidogo na kupanda siku hadi siku, si ile ya kuihisi jioni tu na asubuhi haipo. Kichwa kinagonga, hamu ya kula inakwisha kabisa, mwingine anafunga choo, mwingine anaharisha. Mtu analala. Mgonjwa wa taifodi wa wiki ya pili hawezi kusimama kwenye jiko akipika wali wa watu 40.

Wiki ya tatu ndiyo ninayoiogopa. Nikiwa daktari mdogo kazini, aliletwa kijana wa miaka 19 baada ya siku kumi na nane za homa. Nyumbani walikuwa wakimpa dawa za malaria, kisha za vidonda vya tumbo. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Tulipofungua, kwenye utumbo mwembamba karibu na mwisho wake kulikuwa na tundu lisilozidi punje ya dengu, na kinyesi kilikuwa kimemwagika tumbo zima. Alipona, baada ya wiki nyingi. Hiyo ndiyo taifodi. Na ndiyo maana inaniuma inapogeuzwa kuwa jina la kila uchovu, kwa sababu siku anapokuja mwenye nayo, jina limeshazoeleka na hakuna anayeshtuka.

Kuna hasara nyingine. Kila dozi ya sipro isiyohitajika inawafundisha bakteria waliomo tumboni mwako kuizoea. Mkoa wa Sindh, Pakistani, tangu mwaka 2016 umezuka mlipuko wa taifodi isiyosikia sipro wala sindano za seftriaksoni, na madaktari wakabakiwa na dawa chache mno mkononi. Hapa kwetu tukiendelea hivi tunatembea njia ile ile. Mbali na hilo, sipro inaweza kuumiza kano za misuli, hasa ile ya nyuma ya kisigino. Wewe unashinda umesimama. Ukiona maumivu mapya hapo baada ya dawa, mwambie daktari.

Sasa, ufanye nini? Kwa leo, kama huna homa kali, usinunue dawa nyingine yoyote ya taifodi, na usirudie Widal "kuona kama imeisha". Haitakuambia hilo. Itaendelea kusoma hata ukipona kitambo. Nunua kipimajoto duka la dawa. Umeandika "nahisi homa", nami nataka namba. Jioni ukijisikia hivyo pima, andika kwenye daftari unaloandikia madeni ya wateja: tarehe, saa, joto. Kama wiki mbili zimepita na halijafika 38, tutakuwa tumejifunza jambo kubwa kwa gharama ndogo.

Kisha nenda kituo cha afya chenye daktari, au hospitali, siku ambayo huumwi sana, ukiwa na karatasi zako zote tano na orodha ya dawa. Mwambie: "Nataka tutafute chanzo cha uchovu huu upya, kana kwamba sijawahi kuambiwa taifodi." Mwanamke wa umri wako, mimi ningeanza na wingi wa damu. Hedhi nzito peke yake inaweza kukuletea uchovu, kichwa na moyo kwenda mbio. Ningepima sukari, mkojo, ujauzito, VVU, na ningekuuliza kuhusu kikohozi, jasho la usiku na kupungua uzito, kwa sababu kifua kikuu huja polepole kwa sura kama hiyo. Gesi na tumbo kujaa ningetazama vidonda vya tumbo na bakteria wake. Ningegusa shingo kuangalia tezi.

Ningekuuliza pia maswali mawili ambayo huenda hukuyatarajia. La kwanza, unakunywa maziwa mabichi, au unashika ndama na mbuzi wanaozaa? Brusela, ugonjwa unaofanya mifugo itupe mimba, kwa binadamu huleta homa za kuja na kuondoka, viungo kuuma na uchovu usioisha, karibu kama barua yako. Huko Moshi, watafiti walipowafuatilia watu waliolazwa hospitali na homa, wengi walikuwa wameandikiwa malaria, waliokuwa nayo kweli hawakufika 2 kati ya 100, na magonjwa yatokayo kwa mifugo na panya yalikuwa mengi kuliko ilivyodhaniwa. Brusela inahitaji dawa mbili kwa wiki sita. Sipro ya siku saba inaweza kuituliza kidogo, halafu ikarudi. La pili: jiko lako liko wapi? Kama unapika kwa mkaa ndani ya banda lisilo na dirisha kuanzia alfajiri, hewa ya mkaa pekee inatosha kukupa kichwa na kuishiwa nguvu kila siku. Toa jiko nje kwa wiki moja uone.

Ikija homa ya kweli, yaani 38 na zaidi kwa siku mbili tatu, wahi. Pima kwanza malaria. Kama haipo, na daktari anashuku taifodi, omba kuoteshwa damu kabla hujameza antibayotiki yoyote. Huchukuliwa damu, inawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, inasubiriwa siku kadhaa. Bakteria akiota anajulikana kwa jina, na dawa zinazomuua zinajulikana. Nacho nikisifie kwa kiasi: kinamkamata mdudu kwa kama wagonjwa 60 kati ya 100 wenye taifodi, na ukishakunywa dawa kinashuka zaidi. Pia hakipo zahanati, kipo kwenye hospitali kubwa, na kina gharama. Kwa hiyo daktari aliye mbali na hospitali hizo, akiwa na mgonjwa mwenye homa kali ya siku nyingi isiyo na chanzo kingine, anaweza kuanza dawa ya taifodi kwa dalili tu, na atakuwa sahihi. Hapo maliza dozi yote. Taifodi ya kweli inaweza kurudi, kwa watu wachache, kwa kawaida ndani ya wiki chache baada ya kupona, na hilo likitokea kuotesha ni lazima.

Usisubiri chochote, nenda hospitali siku hiyo hiyo, ukiona homa na tumbo linauma ghafla au limekuwa gumu, choo cheusi kama lami au chenye damu, kutapika kusikokatika, kuchanganyikiwa au usingizi wa kupitiliza. Kwa mtoto mdogo na mjamzito, homa ya siku moja yatosha kukutoa nyumbani.

Limebaki la wateja wako, na nimefurahi umeuliza. Kuna watu waliopona taifodi, au wasiojua hata kama waliwahi kuugua, ambao bakteria hubaki kwenye kifuko cha nyongo na kutoka na choo kwa zaidi ya mwaka. Ni kati ya 1 na 5 katika kila wagonjwa 100, wanawake zaidi, na wenye mawe ya nyongo. Maarufu wao alikuwa mpishi kama wewe: Mary Mallon, mzaliwa wa Ireland aliyepika kwenye nyumba za matajiri New York. Mwaka 1907 iligundulika kwamba taifodi ilimfuata kila alikohamia, ingawa mwenyewe alijiona mzima. Walimtenga kisiwani, wakamwachia mwaka 1910, wakamkamata tena mwaka 1915 akiwa anapika, akakaa huko hadi kufa kwake mwaka 1938. Siku zile hakukuwa na dawa. Leo mbebaji hutibiwa kwa dawa za wiki nne hivi, akarudi jikoni.

Kujua kama wewe ni mbebaji, Widal haifai. Kinachofaa ni kuotesha choo, mara tatu kwa siku tofauti, kwa sababu bakteria hatoki kila siku. Kwa hali yako sioni sababu kubwa ya kushuku, lakini kwa kuwa unapikia watu, ukipata nafasi hospitali kubwa fanya, utulie moyo. Biashara usifunge.

Na wali wako, maharage na mchuzi vinavyotokota havimwachi hai bakteria huyu. Mimi ningeangalia kachumbari, maji ya kunywa yaliyo kwenye ndoo, barafu ya juisi, na mikono baada ya chooni. Kachumbari osha kwa maji yaliyochemshwa, katakata karibu na muda wa kula, usiiache tangu saa nne. Ndoo ya maji ya kunywa iwe na koki na mfuniko, si ya kuchota kwa kikombe. Sabuni iwe kipande kizima pale wanaponawia wateja, na kingine chooni, kwa ajili yako na binti anayekusaidia.

Ukishapata majibu ya wingi wa damu na lile daftari la joto, niandikie tena. Uniambie na kuhusu maziwa.